Matairi Yaliyolala Chini ya Kitanda

Winfrida mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta. Hali yangu ndiyo huijui. Jana jioni uliniuliza swali dogo la matairi, nikanyanyuka nikatoka nje bila kukujibu, nikakuacha umeshika bakuli la likolo, mboga inapoa. Nikamsikia mama yako nyuma yangu: "Mwache, baba yako ana mambo yake." Ni kweli, ninayo. Leo umekwenda Ruhuwiko kumuaga shangazi yako, nami nimekaa mezani niyaandike kabla hujarudi, kwa kuwa kesho asubuhi unakwenda dukani kuchagua matairi, na yakishafungwa tu unaondoka.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na soksi za sufu siziingilii. Mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, na ya nne itakuwa kesho mlangoni. Mimi nina jambo moja tu, na ni la matairi. Usicheke.

Ulisema hivi, nakumbuka kila neno: "Baba, Mama Daktari anataka nichague matairi mapya manne ya gari-nyumba. Lakini haya ya zamani yana nini? Kashata zote zipo, utasema yametoka dukani jana! Wazungu nao kwa kutupa vitu!" Ukacheka. Mama yako hakucheka, nadhani hukumwona.

Sikulaumu kwa kushangaa. Gari lenyewe nimelizunguka mara mbili pale uwanja wa misheni. Watoto wa mtaa wetu wa Msamala wanaliita nyumba inayokimbia: kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki, tangi la maji, kabati la dawa za macho. Kuanzia kesho mtalala humo nyinyi wawili: wewe, muuguzi wake na dereva wake kwa pamoja, na yeye Mama Daktari, bibi wa watu anayekaribia miaka sabini, mkitibu macho vijijini kutoka Namtumbo hadi Tunduru. Alipougua akarudi kwao, gari lilikaa miaka saba chini ya turubai. Matairi hayakusaga hata kokoto moja, ndiyo maana zile kashata, zile nundu za mpira zinazouma barabara, zimesimama zote. Nami nisingekuwa najua ninayoyajua, ningesema ni mazima.

Lakini "kashata zote zipo" ni maneno yangu. Niliyasema mimi, kwa kujigamba kama wewe jana, miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ile ile uliyovunjika mguu. Wewe unavyojua, pikapu yetu ilipinduka kwa sababu Fundi Athumani hakukaza nati za gurudumu. Ndivyo nilivyokuambia ukiwa kitandani hospitali, na ndivyo nilivyowaambia watu wote. Ni uongo, Winfrida. Athumani alikaza nati zote. Aliyekuvunja mguu ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikatoka nje nikavuta sigara mbili, na unajua nilishaacha.

Sasa nisikilize tangu mwanzo. Wewe umekulia kwenye ruksa, biashara ikiwa imeshafunguliwa kwa kila mtu. Ukitaka sabuni unaingia dukani, unachagua ya kijani au ya bluu, tena unalalamika. Miaka ile ya vibali hatukuchagua, tulipangiwa. Dereva akitaka tairi aliandika barua, barua ikapanda ofisi hadi ofisi, na mwenyewe anaifuata nyuma. "Shikamoo mzee, lile jambo langu?" "Njoo Jumatatu." Jumatatu unaambiwa Alhamisi. Kuna watu walijaza nyasi ndani ya tairi wakafika Njombe hivyo hivyo. Mimi nilifuatilia miezi kumi na mmoja, wewe ukiwa bado unatambaa, nikapata matairi manne mapya kwa mpigo. Manne! Niliyaleta Msamala mchana kweupe, pole pole, ili asiyeona aone.

Sikuyafunga. Nani angeyafunga? Niliyavika magunia, nikayasukuma chini ya kitanda chetu, nikaendelea kutembelea vipara vyangu, matairi yaliyoisha kashata na kujaa viraka. Nilisema nayaweka kwa siku ya shida, na shida ilipokuja nikasema hii bado siyo yenyewe. Nyumba nzima ilinuka mpira. Mama yako akayaita mke mwenzake. "Leo umemjulia hali mwenzangu?" ndivyo alivyokuwa akiniuliza akinikuta nimeinama na tochi nayapapasa. Halafu bibi yako akaugua kule Namtumbo, tukashindwa kwenda kumwona kwa sababu vipara viwili vilikuwa vimepasuka, na manne mapya yako pale, tunayalalia. Hilo mama yako hakulifanyia mzaha.

Ruksa ikaja, matairi yakajaa madukani, jamaa wakaniambia, "Sasa yatoe, unangoja nini?" Nikawajibu akiba haiozi. Walioanzisha msemo huo sijui walikuwa wakiweka nini, maana hata mahindi ghalani yanaliwa na dumuzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilidhani ruksa ni mchezo wa msimu mmoja, kwamba siku moja tutaamka na kukuta maduka meupe tena, na atakayecheka ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimekosa kwa muda mrefu mno, nikawa siwezi kuamini kwamba nimepata.

Ulipopokea komunyo ya kwanza ndipo nikasema sasa. Mtoto wangu wa kwanza, na gauni jeupe aliloshona shangazi yako, tunakwenda kwa bibi yako Namtumbo kwenye sherehe. Na gari nalo livae. Nikayatoa. Yalikuwa yamelala miaka tisa.

Fundi Athumani alikuwa na kibanda cha pancha hapa Msamala, karibu na mashine ya kusaga. Myao wa Namtumbo, amenizidi umri, si mwongeaji. Alilichukua la kwanza, akalikunja ubavu kwa magoti, akaniita nisogee. Mpira ulikuwa umechanika vistari vistari, kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi.

"Dereva, haya yamezeeka yakiwa yamelala. Siyafungi."

"Yamezeeka vipi? Hayajagusa barabara hata siku moja! Kashata zote zipo!"

"Kashata siziangalii. Naangalia ubavu."

Palikuwa na wasafiri wawili wa lori la Tunduru wakisubiri pancha yao. Nikawageukia, nikasema kwa sauti, "Huyu amezoea vipara, akiona kitu kipya anaogopa!" Wakacheka. Nilipenda walivyocheka.

Athumani hakukasirika. Alimtazama mama yako, aliyekuwa amekushika mkono, akakutazama na wewe na gauni lako. "Wallahi, Dereva, na mtoto huyu humo ndani? Rudisha vipara vyako, ni afadhali." Nikachukua spana nifunge mwenyewe. Ndipo akaninyang'anya, akasema kama ni lazima basi atafunga yeye, angalau nati zikazwe inavyotakiwa. Alizikaza moja moja, kisha akazirudia zote mara ya pili. Nilisimama pale namwona.

Tulikuwa tumekaribia kabisa Namtumbo, kwenye mteremko, jua la saa saba, na nyuma nimepakia magunia ya mahindi na kreti za soda za sherehe. Tairi la mbele kushoto likapasuka kwa kishindo. Liliachia ubavuni, pale pale alipolikunja Athumani. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu mguu ni wako.

Askari aliponiuliza, shati langu lilikuwa na damu yako. Nikasema nati zililegea, gurudumu likayumba, tairi likachanika kwa kuyumba. Neno lilitoka lenyewe, na nilipoliona limetoka sikulirudisha. Sikuwa na nia ya kumdhuru Athumani. Niliona aibu tu, Winfrida. Miezi kumi na mmoja ya kibali, miaka tisa chini ya kitanda, kumsimanga fundi mbele za watu, na mtoto wangu amelala majanini anaita mama. Na nani asingeniamini? Dereva wa miaka ishirini asiyewahi kukanyaga hata kuku! Wale wasafiri wawili waliosikia nikionywa walikuwa wamekwenda zao, hawakuonekana tena. Wiki mbili baadaye hapakuwa na dereva anayesimama kwenye kile kibanda.

Athumani alikuja hospitali. Hilo hulijui, ulikuwa umelala kwa dawa. Alikuja na machungwa kwenye kitambaa, akasimama miguuni pa kitanda chako. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema taratibu, "Dereva, mimi sitabishana na wewe mbele ya mtoto mgonjwa. Ukiwa tayari, utasema." Akaweka machungwa akaenda. Ulipoamka ukayala, ukaniuliza nani kaleta, nikasema jirani.

Alifunga kibanda, akarudi kwao kulima tumbaku. Mimi niliuza pikapu, nikaacha udereva, nikawaambia watu ni mgongo. Mgongo wangu mzima kabisa. Hamkujiuliza mtu wa mgongo anabebaje gunia la mahindi kutoka shambani?

Na kuna lile la sokoni, ambalo linaniuma kuliko yote. Ulikuwa kidato cha pili. Athumani alikuja mjini, mkakutana, akakuuliza, "Mguu unaendeleaje, mwanangu?" Hukumwamkia. Ulimtazama tu, ukageuka ukaondoka. Mtoto niliyemlea aamkie hata walevi wa kilabuni! Ulifika nyumbani ukanisimulia, ukaniuliza kama umefanya kosa. Nilikuwa na nafasi, mwanangu, wala hakuna aliyenishika mdomo. Nikakuambia, "Mtu kama yule hastahili shikamoo." Nilikufundisha kumdharau mzee asiye na kosa ili mimi nibaki baba mwema machoni pako. Wewe ulilala umeridhika. Mimi sikulala, lakini kukosa kwangu usingizi hakukumsaidia Athumani chochote.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilishindwa kumsikia siku ile, wakati ule mpasuko niliuona kwa macho yangu. Nadhani niliyahangaikia mno yale matairi. Kitu ukikihangaikia sana hukubali kuambiwa kimeharibika, maana ni kama unaambiwa na mahangaiko yako yote yalikuwa bure. Na sikujifunza mara moja. Mwaka jana Mama Daktari alipokuja kukuomba uwe dereva wake, nilisema hapana, mguu ule hauwezi klachi, barabara ya Tunduru ni tope, mtoto wa kike halali porini. Nilikuwa na sababu kumi na mbili. Mama yako akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na huyu naye unataka kumlaza chini ya kitanda?" Kesho yake nikaazima gari la mjomba wako nikaanza kukufundisha. Ulipoondoa gari mara ya kwanza bila kulizima, na mguu ule ule wa kushoto, niligeukia dirishani nikajifanya naangalia mihogo ya watu. Nililia, basi. Andika hapo kwamba baba yako alilia kwa sababu ya klachi.

Sasa, matairi yenyewe. Yale ya zamani usiyaonee huruma hata kidogo. Mpira una umri wake na unazeeka hata ukikaa kivulini, na gari-nyumba ndilo linaloyaonea zaidi, kwa kuwa linasimama muda mrefu na nyumba nzima imeyakalia sehemu ile ile. Dukani watakuonyesha ya mitumba yaliyopakwa dawa nyeusi mpaka yakang'aa. Wewe kunja ubavu, pitisha ukucha, tafuta vistari. Ubavuni pia kuna tarakimu za wakati yalipotengenezwa. Muuzaji akikuambia hizo hazina maana, muage. Chukua ya kubebea mzigo, si ya gari la matanuzi mjini, maana tangi la maji na makabati hayashuki kusukuma kwenye mlima. Yawe manne ya aina moja, na la spea nalo liwe jipya, usidanganywe kwamba spea ni ya kukaa tu. Na fundi yeyote akikuambia "siyafungi", hata kama fulana yake ina matundu, hata kama waliosimama pale wanacheka, zima gari ushuke umsikilize.

Mama yako ameingia sasa hivi na chai. Hana aibu huyu, amesoma ukurasa huu wote juu ya bega langu kabla ya kuweka kikombe.

"Na la sokoni umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi ongeza kwamba na mimi nilikuwepo kibandani nikasikia, na nimenyamaza miaka yote hii. Usijibebeshe peke yako ukajiona shujaa."

Nimeongeza, kama unavyoona. Halafu akaniuliza nitakupa lini. Nikamwambia nilipanga kuificha kwenye sanduku lako, katikati ya sare za kazi, uikute Tunduru. "Hiyo siyo barua," akasema, "huko ni kukimbia. Mtoto aisome porini, alie na nani? Na bibi wa Kizungu asiyejua hata Athumani ni nani?" Akachukua kikombe kabla sijanywa akarudi nacho jikoni. Sijui kama alisahau au ndiyo adhabu.

Amesema kweli. Kwa hiyo nitakukabidhi mkononi leo, ukiwa bado kwenye nyumba hii na mlango uko wazi, uweze kunipigia kelele kama unataka.

Kesho mnapita Namtumbo. Nimeulizia: Athumani yu hai, nguvu zimepungua, na nyumba yake mtu yeyote wa barabarani anaionyesha. Nataka kwenda kwake. Nitamwambia mbele ya mkewe na wanawe, kwa kuwa wao nao walikula msoto kwa ajili yangu, kisha nitarudi niwaambie madereva wa hapa Msamala, kwa sababu hapa ndipo nilipousemea uongo. Sijui atanipokeaje. Anaweza kunifukuza, na akinifukuza nitasimama nje mpaka nimalize. Sikuombi ushuke uje nami. Hukumkosea wewe, ulifanya nilichokufundisha.

Ninachokuomba ni nafasi kwenye gari lako hadi Namtumbo. Siyo mbele, mbele ni pa Mama Daktari; hata nyuma, sakafuni, karibu na jiko la gesi, panatosha. Ukikubali nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ukikataa, sitakuuliza sababu na sitamtuma mama yako akubembeleze. Nitatafuta lori la tumbaku, na kwa Athumani nitafika. Ila ningependa wewe ndiye unipeleke, Winfrida. Nimekaa mezani tangu asubuhi natafuta namna nzuri ya kulisema hilo, nimekosa.

Lango limelia. Ni wewe, umerudi mapema, nakusikia unamwuliza mama yako baba yuko wapi. Sina muda wa kuinakili kwa mwandiko mzuri. Ipokee hivi hivi, na makosa yake yote, kaa hapa mezani usome. Usiniambie nitoke.

Baba yako